Dizeli Ilisafishwa, Moshi Ukabaki

Januari 2015 dizeli ya Kenya ilibadilika, na sijakutana na mtu hata mmoja anayekumbuka. Watu watakuambia walikuwa wapi siku ya matokeo ya uchaguzi, ama usiku ule stima ilipotea nchi nzima. Lakini wakati mafuta ya matatu, malori, jenereta na matrekta yetu yote yalipotoka kiwango kimoja cha uchafu hadi kingine, mambo yalipita tu kama siku yoyote ya Njaanuari.

Kilichobadilika ni salfa. Salfa hutoka ardhini pamoja na mafuta ghafi, na kama kiwanda hakiitoi, inafika mpaka kwenye tangi la gari. Hupimwa kwa sehemu katika milioni: ukiigawa dizeli vipande milioni moja vya uzito sawa, vingapi ni salfa? Kuanzia mwezi huo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana visizidi 50. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa ikiruhusu 500, na ukirudi nyuma zaidi hesabu ilikuwa ya maelfu. Kwenye karatasi, basi, tulipunguza uchafu huo mara kumi kwa mpigo mmoja.

Sasa simama Ngara saa kumi na mbili jioni, ama pale Muthurwa magari yanapokunja kona yakiwa yamejaa, halafu uniambie umeona tofauti gani.

Jambo hili limenisumbua muda mrefu, na nimelifuata kwenye magazeti ya zamani, kwenye ripoti, na kwenye hadithi za mjomba wangu, aliyeendesha Isuzu za abiria zaidi ya miaka ishirini. Jibu la haraka mtaani ni kulaumu matatu: dere mkorofi, gari kuukuu, polisi wa kununuliwa. Yote hayo yapo, sitabishana. Lakini ukiyafuata mafuta yenyewe unakuta mengi ya yale yanayotoka kwenye ekzosi yaliamuliwa na watu ambao hawajawahi kushika usukani wa mathree hata siku moja.

Tuanze na mashine. Rudolf Diesel alikuwa mhandisi aliyezaliwa Paris na wazazi Wajerumani, na injini yake ilifanya kazi sawasawa huko Augsburg mwaka 1897. Wazo lake si gumu kulieleza. Petroli huwashwa kwa cheche. Yeye aliibana hewa mpaka ikawa moto kabisa, kisha akanyunyizia mafuta ndani yake, yakajiwasha yenyewe. Injini hiyo inakula mafuta kidogo, inavuta mzigo mzito, na haichagui sana chakula. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Diesel alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako njugu zinamea kwa wingi, ili mashine za huko zisingoje makaa wala mafuta kutoka ng'ambo. Kwa hivyo wazo la mafuta mbadala lina karibu umri sawa na injini yenyewe, na tangu mwanzo kulikuwa na mtu ameketi Ulaya akipigia hesabu shamba la Mwafrika. Tutarudi hapo.

Shida ya injini hii iko palepale penye nguvu yake. Mafuta yakinyunyizwa ndani ya hewa moto hayachanganyiki nayo sawasawa. Kuna sehemu yanaungua yote, na kuna sehemu hewa haitoshi, yanabaki nusu yameungua. Hiyo nusu ndiyo masizi, ule moshi mweusi unaotupakia kola za shati. Filta ya hewa ikiziba, nozeli zikichakaa, ama mtu akifungulia pampu imwage mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, masizi yanaongezeka. Salfa ni kesi nyingine. Yenyewe haina rangi ukiiangalia ikitoka. Inageuka chembe ndogo sana zinazopita puani na kooni bila kusalimia, zinaenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Na ina kosa la pili ambalo kwangu ni kubwa zaidi: inaharibu vile vifaa vinavyofungwa kwenye ekzosi kunasa masizi. Ukiwa na dizeli ya salfa nyingi, hata ukinunua filta ya bei mbaya kutoka Ujerumani, itakufa mapema.

Ndiyo maana 2015 hakuna aliyeona kitu. Tulitoa kile kisichoonekana, na tukafungua mlango wa kutoa kile kinachoonekana. Kupita kwenye mlango huo ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa na nini? Hapo ndipo unapaswa kwenda Changamwe.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilianza kazi mwaka 1963, ule ule wa uhuru, kikiwa kimeanzishwa na Shell na BP. Kwa nchi changa ilikuwa ni jambo la heshima: tunaleta mafuta ghafi, tunayapika wenyewe, tunauzia jirani. Mwaka 1978 bomba likafika Nairobi. Lakini kiwanda kile kilijengwa kwa teknolojia ya siku zake. Kilijua kutenganisha mafuta. Hakikuwa na mitambo ya kutosha ya kuyaondolea uchafu. Miaka ikasonga, ulimwengu ukabadilisha viwango, Changamwe ikabaki ilivyo. Na kwa sababu ilikuwa yetu, serikali iliilinda. Kampuni za kuuza mafuta zililazimika kupitisha sehemu ya mafuta yao pale, zilipie huduma hiyo, hata kama kununua mafuta yaliyosafishwa Ghuba kungekuwa rahisi zaidi.

Wakati huohuo jiji lilikuwa likibadilisha magari. Nairobi ilikuwa na mabasi ya KBS tangu 1934, lakini hayakutosha, na matatu zilikuwa zikifanya kazi kwa kujificha mpaka Mzee Kenyatta alipoziruhusu mwaka 1973 zibebe abiria bila leseni ya biashara hiyo. Zilianza kama vigari vidogo, vibovu, vingi vya petroli. Kadiri watu walivyoongezeka, gari likahitajika kuwa kubwa, na gari kubwa kwetu maana yake ni dizeli. Kuna sababu ya injini, na kuna sababu ya kodi: ushuru wa lita ya dizeli umekuwa karibu nusu ya ule wa petroli, kwa kuwa dizeli ndiyo inayobeba unga, saruji na majani chai. Huwezi kuipandisha bila kupandisha kila kitu.

Halafu kuna ile siri ambayo kila mtu wa mtaani anaijua: nganya si basi. Ni lori. Unanunua chesisi ya Isuzu iliyoundiwa mizigo, unaipeleka kwa mafundi wa bodi, wanakujengea kichwa, viti 33, taa, muziki, na michoro ya msanii ambaye hajui kama wewe upo. Napenda sanaa hiyo, na ningeumia ikipotea. Ila ile injini ya chini ilichorwa kuvuta mizigo barabarani, kisha sisi tukaiweka kwenye foleni ya Jogoo Road, ikizima na kuwaka, ikikanyagwa na kuachiliwa, siku nzima. Mjomba anasema kila squad ilikuwa na fundi wake wa pampu. Unampa kitu kidogo, anafungulia, gari linapata nguvu ya kupanda mlima ikiwa limejaa, na nyuma linaacha wingu. "Abiria hakulipi kwa kupumua," alizoea kusema. "Anakulipa kwa kufika."

Mwaka 2004 Waziri John Michuki alifanya kile kilichosemekana hakiwezekani. Katika miezi michache matatu zote zilifungwa vidhibiti mwendo na mikanda, zikapakwa mstari wa manjano, dere na makanga wakavalia sare. Magari yaliyokataa yaliegeshwa, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na bado sheria ikasimama. Ninaitaja kwa sababu moja. Tangu siku hiyo hakuna serikali ya Kenya inayoweza kutuambia kwamba matatu haziwezi kubadilishwa. Zinaweza, kukiwa na mtu anayetaka. Lakini vita ya Michuki ilikuwa ni ajali, na abiria aliyefundishwa kukagua mkanda hakufundishwa kukagua moshi.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na vita nyingine, ya petroli. Petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo iliingia kwenye damu ya watoto. Juni 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia Januari 2006 Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara ilikuwa imeacha. Kazi kubwa ya kuzisukuma nchi ilifanywa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, hapahapa Nairobi. Algeria ndiyo iliyomaliza duniani kote, Julai 2021. Nadhani ni moja ya kazi safi zaidi zilizowahi kufanyika bara hili, na hatuiimbi. Risasi ilikuwa na urahisi wake, lakini. Ukiitoa kwenye petroli, gari lilelile kuukuu linaacha kuitema siku hiyohiyo. Dizeli haikupi zawadi kama hiyo.

Rudi Changamwe. Mwaka 2009 kampuni ya Essar kutoka India ilinunua nusu ya kiwanda, mpango ukiwa ni kukiboresha. Hesabu ya maboresho ilizidi dola bilioni moja. Wakapiga hesabu tena, wakaona hazilingani, wakatangaza kuondoka. Septemba 2013 kiwanda kikazimwa, na hakikuwashwa tena kusafisha mafuta ya soko. Kwa watu wa Changamwe hiyo haikuwa habari ya mazingira. Ilikuwa mishahara, ilikuwa vibanda vya chakula nje ya geti, ilikuwa nusu karne ya kujua kazi fulani kisha kuambiwa kazi hiyo imekwisha.

Miezi kumi na tano hivi baadaye, kiwango cha 50 kikaanza. Sidhani hayo mawili yanaweza kutenganishwa. Kiwanda cha nyumbani kisichoweza kutoa dizeli safi ni kama mzazi mgonjwa: kila sheria mpya lazima iulize kwanza kama ataihimili. Kilipoondoka, kilichobaki kilikuwa ni kuandika nambari kwenye zabuni na kuagiza kutoka Ghuba, ambako viwanda vikubwa vilikuwa tayari vinatoa mafuta ya kiwango hicho. Ulaya ilikuwa imefika 50 mwaka 2005 na kushuka hadi 10 mwaka 2009. Mafuta safi yalikuwepo sokoni. Kilichokosekana ni sisi kuyaomba.

Ukitaka kujua tungekuwa wapi, tazama Afrika Magharibi. Septemba 2016 shirika la Uswisi la Public Eye lilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba wafanyabiashara wakubwa wa mafuta wenye makao yao Uswisi walikuwa wakichanganya makusudi dizeli chafu ya kuuza Afrika, dizeli ambayo isingeruhusiwa kuuzwa barabarani Ulaya. Hawakuvunja sheria yoyote. Ghana iliruhusu salfa 3,000, basi wakaleta karibu na 3,000. Aibu ilifanya kazi: Julai 2017 Ghana ikahamia 50. Viwanda vya ndani vya kanda ile vikaongezewa muda, na sasa unajua kwa nini.

Sisi tulikuwa tumeshavuka miaka miwili unusu kabla. Mbona basi Ngara bado ni Ngara?

Kwa sababu dizeli safi ikiingia kwenye injini isiyo na filta, inatoka na masizi. Inapungua kidogo, ndiyo, zile chembe za salfa zinapungua. Lakini faida kubwa ya dizeli ya 50 ni kwamba inawezesha filta kuishi, na filta hatukuzidai. Mwaka 1999 Gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alitokea mbele ya waandishi akiwa na chupa ya plastiki iliyojaa masizi, akaitikisa. Alikuwa na mambo mengi ya kumkosoa yule mzee, lakini chupa ile ilifanya kazi. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikapiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Mwenye gari alikuwa na njia tatu: afunge filta, ambayo serikali ya jiji ilimsaidia kulipia, anunue gari jipya, ama aliuze lile la zamani kwingine.

Kwingine ni wapi? Hapo ndipo Mkenya anainua mkono. Magari yetu mengi ni mtumba kutoka Japani. Tuna kinga yetu, ule ukomo wa miaka 8 kwa gari linaloingia, na umesaidia sana. Kuna nchi jirani zinazopokea ya miaka 15 na zaidi. Lakini ukomo wa umri unauliza gari lilizaliwa lini. Hauulizi kama kile kifaa cha kusafisha moshi bado kiko ndani. Vifaa hivyo vina madini ya thamani, vinang'olewa na kuuzwa, wakati mwingine kabla gari halijapanda meli, wakati mwingine hapahapa kwa fundi, anayekuambia kwamba "hiyo kitu inakula mafuta tu, boss." Tangu 2014 tuna kanuni za ubora wa hewa zinazogusa moshi wa magari. Zisome, ni nzuri. Halafu nitajie rafiki yako mmoja ambaye gari lake limewahi kuingizwa kipima moshi puani mwa ekzosi.

Na hata yale mafuta safi hayakufika pampuni yakiwa safi kila mara. Hapa nina hasira kidogo, kwa hivyo nivumilie. Mafuta taa yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ndiyo mafuta ya maskini. Nyumbani kwetu tulipikia stovu, na harufu yake naijua kuliko manukato yoyote. Tofauti hiyo ya bei ilitengeneza biashara. Unachanganya mafuta taa ndani ya dizeli, unauza kwa bei ya dizeli, unacheka. Kiwango cha 50 hakikuwahusu mafuta taa, kwa hivyo mchanganyiko unairudishia dizeli salfa iliyotolewa kwa gharama, na mafuta taa hayalainishi pampu kama dizeli, kwa hivyo injini inachakaa na kutema zaidi. Kuna kituo kimoja ambacho mjomba alikiapiza mpaka anastaafu. Nozeli zake nne zilikufa kwa miezi miwili.

Dawa ya serikali ilikuja mwaka 2018: tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili bei yake ikaribie ile ya dizeli na mchezo ufe. Na kwa kiasi kikubwa ulikufa. Mauzo ya mafuta taa yalishuka vibaya sana. Lakini nani alilipa? Mchanganyaji alihamia biashara nyingine. Mama wa Mukuru na Kawangware, aliyekuwa akinunua mafuta taa ya shilingi ishirini kwa chupa ya soda, ndiye aliyelipa, na wengi walirudi kwenye makaa na kuni. Moshi tulioutoa barabarani tukaupeleka jikoni. Sisemi tozo ilikuwa kosa. Nasema hakuna aliyemuuliza yule mama, na gesi ya bei nafuu aliyohitaji haikuja siku moja na tozo.

Kuhusu kile tunachopumua, mambo mawili yanatosha. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, pamoja na vitu vinavyojulikana bila shaka kuleta saratani kwa binadamu, kama sigara. Na Julai 2009, kabla ya hayo yote, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Columbia, New York, walipima chembe laini hewani. Nje ya mji walipata karibu mikrogramu 11 katika kila mita ya ujazo. Kando ya barabara, katikati ya jiji, walipata karibu 98. Mwongozo wa Shirika la Afya tangu 2021 ni kwamba wastani wa mwaka usizidi 5. Wewe unapita pale dakika kumi ukienda kazini. Muuza njugu, makanga anayeita watu, askari wa trafiki na yule kijana wa kuuza maji wako pale tangu alfajiri.

Njia mbadala, je? Historia yetu hapo ni makaburi, na moja lina mwili wa kweli.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei za mafuta zilipopanda, Kenya iliamua kutengeneza alkoholi ya magari kutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa. Ilikuwa ya kuchanganya na petroli, si dizeli, lakini ndoto ilikuwa ileile. Kiwanda cha Muhoroni kilifanikiwa, na kwa muda katika miaka ya 1980 Wakenya waliendesha magari kwa mchanganyiko huo. Cha Kisumu kilimeza pesa kikasimama mwanzoni mwa muongo huo bila kukamilika. Aliyekuja kupigania kifufuliwe ni mbunge wa Kisumu Mjini, Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje. Februari 1990 mwili wake ulipatikana karibu na boma lake Koru. Mpelelezi wa Scotland Yard, John Troon, alipoorodhesha sababu zilizoweza kuhusika na mauaji hayo, mradi wa molasi ulikuwemo. Hakuna aliyehukumiwa mpaka leo. Kila nikisikia mtu akizungumzia mafuta mbadala kama suala la kisayansi tu, namfikiria Ouko.

Kisha ikaja zamu ya mbono kaburi, katikati ya miaka ya 2000. Mmea wa ua wa boma, mbegu zake zina mafuta yanayoweza kuwa dizeli. Tuliambiwa unamea penye ukame, hauhitaji mbolea, utatajirisha wakulima. Ile hesabu ya Paris ya 1900 ikarudi, sasa imevaa kijani. Huko Dakatcha, nyuma ya Malindi, wawekezaji wa kigeni walitaka hekta 50,000 za msitu na mashamba ya watu. Wenyeji na watetezi wa mazingira wakakataa, mradi ukafa. Mwaka 2009 watafiti waliowatembelea wakulima wadogo waliokuwa wameshapanda walikuta mavuno ni kiduchu, hayalipi. Ushauri wao: upandeni kama ua. Ndivyo bibi zetu walivyokuwa wakiupanda.

Gesi asilia ina hadithi bora, ila si yetu. Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam 2004, na leo bajaji na teksi nyingi za Dar zinatembea na mtungi. Gesi haina masizi ya kutajika. Foleni kwenye vituo ni ndefu mno, madereva wanalalamika, lakini hiyo ni foleni ya watu wanaookoa pesa. Sisi hatuna gesi ya kiasi hicho.

Sisi tuna mvuke. Olkaria inazalisha stima kutokana na joto la ardhini tangu 1981, na ukijumlisha maji na upepo, sehemu kubwa sana ya stima yetu haichomi chochote. Ndiyo maana basi la betri lina maana Nairobi kuliko miji mingi mikubwa duniani. BasiGo walileta mabasi yao ya kwanza 2022, mwenye gari akilipia betri na chaji kwa kilomita, kwa sababu bei ya kununua yote kwa mkupuo ingemuua. Nimeyapanda. Ni kimya kiasi kwamba unasikia simu ya mtu wa nyuma na shida zake zote za ploti. Nayapenda, na bado nina shaka moja. Mwenye mabasi aliyekopesheka atapata la betri. Ile Isuzu yake ya 2009 haitakufa. Itauzwa, itahamia ruti ya mbali, Kayole ya ndani ama Githurai ama mji mdogo huko mashinani, na itaendelea kutema palepale ambapo hakuna mtu wa kupima hewa.

Na malori? Reli yetu ya kisasa ilianza 2017 ikivutwa na vichwa vya dizeli, ilhali nchi ina stima ya Olkaria. Watanzania, ambao stima yao ilitegemea gesi kwa kiasi kikubwa kwa miaka mingi, walizindua ya kwao 2024 ikiwa ya umeme tangu siku ya kwanza. Malori ya Mombasa hadi Malaba bado yanapanda usiku na mchana, na hakuna betri inayoyangoja kesho.

Kwa haya, ningeanza na kitu cha kawaida kabisa, ambacho hakiwezi kuzinduliwa kwa riboni: kipima moshi kwenye kila ukaguzi wa gari, mkopo wa kubadilisha nozeli na kufunga filta kama Tokyo ilivyofanya, na marufuku ya kung'oa vifaa inayomhusu fundi na mwagizaji, si dere peke yake. Mafuta ya kuwezesha hayo yamo kwenye pampu tangu Januari 2015. Tunayalipia kila lita.

Kiwanda cha Changamwe sasa kiko chini ya Kenya Pipeline. Matangi yake hayakubomolewa, yanatumika kuhifadhi mafuta, na dizeli inafika ikiwa imesafishwa tayari huko Ghuba. Ukipita barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Moi utayaona upande ule, meupe, na mbele yake mstari wa malori, injini zikinguruma bila kwenda popote, zikingoja kupakia.